Chupa ya Shahidi na Potasiamu ya Ijumaa

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Nayasema haya nikiwa na miaka hamsini na nne, darasa langu la mwisho ni la tano, na bado maprofesa wa Kiingereza walisimama nyuma ya bega langu wakingoja nisome namba ili wao waandike. Nilitoka Unguja na sanduku moja. Nikafika Birmingham, nikapaka rangi milango ya magari huko Aston mpaka kiwanda kikafungwa, kisha nikaingia chuo kikuu kwa mlango wa nyuma, ule wa kutolea takataka, na nikatoka kwa mlango wa mbele nikipigiwa makofi. Vijana wetu wa hapa huniuliza, "Uncle, kule ulikuwa unafanya nini hasa?" Nawaandikia wasome, maana nikieleza kwa mdomo hawangoji mpaka mwisho.

Siku ya kwanza nilifika saa moja kasoro robo asubuhi, kazi inaanza saa mbili. Nilitaka kuona nani anaingia na nani anatoka kabla wao hawajaniona mimi. Hiyo ndiyo tabia yangu, na imenisaidia sana maishani, ukiacha mara moja ambayo nitaifikia. Saa mbili kamili akaja mama mmoja mfupi, mnene, funguo zinamlia kiunoni. Huyo ndiye Msimamizi wa Mafundi, mzaliwa wa papa hapa mjini.

"Karibu, bab," akaniambia.

Nikasimama. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, ndevu nyeusi ti, na huyu mama ananiita babu? Nikasema moyoni, ananitafuta huyu, anataka kuniambia kazi siiwezi. Wiki nzima nilikuwa nabeba makreti mawili mawili mbele yake ili aone nguvu zangu. Ndipo siku moja nikamsikia akimwita hivyo hivyo kijana wa posta, na msichana wa mapokezi, na paka. Kumbe ni neno la kwao la mapenzi, wanamwambia kila mtu. Hata hivyo sikuacha kubeba mawili mawili.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa chumba cha kuoshea vioo. Msidhani ni kuosha vyombo. Maabara ile ilikuwa ya mimea, na kazi yake kubwa ilikuwa kupima vitu vidogo sana ndani ya maji, hivyo kioo kikibaki na uchafu usioonekana kwa jicho, kazi ya siku imekufa. Unaosha kwa sabuni maalumu. Unaloweka katika asidi dhaifu usiku kucha. Unasuuza kwa maji ya bomba mara tatu, na maji ya mji huu yanatoka milima ya Wales, ni laini, sabuni inatoa povu mpaka unachoka nalo. Kisha unasuuza mara tatu tena kwa maji ya mvuke, yaani maji yaliyochemshwa yakapaa, yakapozwa yakarudi kuwa maji, chumvi zote zimebaki nyuma. Mwisho unaning'iniza chupa kichwa chini kwenye vigingi vya ukutani, zijikaukie zenyewe.

Hapo kwenye vigingi ndipo tuliposhindana, mimi na sheria yao, ila wao hawakujua kwamba tunashindana. Chupa ikijikaukia yenyewe inabaki na alama za matone. Mimi sikulelewa hivyo. Chombo kinasuuzwa mara tatu na kinafutwa, ndipo unampa mtu. Basi nikanunua vitambaa viwili vyeupe vya pamba kwa pesa yangu, na kila asubuhi kabla hawajafika nilikuwa nafuta chupa zote ndani na nje, nazirudisha kwenye vigingi, na hata nilipohamishwa baadaye sikuacha. Profesa mwenyewe alizinyanyua kwenye mwanga akasema hajawahi kuona vioo vinavyong'aa namna ile. Nikatabasamu. Mtu hatoi siri ya kazi yake, hasa mahali ambapo hujui nani anataka nafasi yako.

Baada ya mwaka nikahamishiwa banda la vioo, lile la joto linamokuzwa maua. Huko nilivuna chavua. Chavua ni ule unga wa dume la ua, na wetu ulitoka kwenye mayungi makubwa meupe, unga wa rangi ya hudhurungi unaoshika nguo usitoke tena. Unakata vichwa vya unga kwa koleo dogo, unavikausha, unakung'uta, unapima kwa mizani inayohisi hata pumzi yako. Msimamizi alinikuta siku moja nimefunga pumzi mpaka nimewiva uso. "Pumua, bab," akasema, "sitaki kuandika ripoti ya ajali."

Mwaka wa tatu nikapandishwa chumba cha moto, na hapo ndipo nilipokuwa mtu.

Nieleze kwanza Profesa alikuwa anatafuta nini, kama alivyonieleza mwenyewe. Alikuwa mtu mrefu, anakaa Moseley kwenye nyumba kubwa za kizamani, anakuja kwa baiskeli na tai shingoni. Alinikalisha akaniuliza, "Ukitia chumvi majini, inakwenda wapi?"

"Inayeyuka."

"Inaachana. Kila chembe inavunjika vipande viwili vyenye umeme, kimoja cha kuongeza, kimoja cha kupunguza. Hivyo vipande tunaviita ayoni. Chavua ikiangukia kwenye ua jike inalowa, inavimba, inaotesha mrija, na mrija unakimbia kwenda kutafuta yai. Safari ile inahitaji chakula. Mimi nataka kujua inakunywaje zile ayoni, na kwa kiasi gani."

"Ina mdomo?"

"Haina. Ina ngozi, na kwenye ngozi kuna milango, na kila mlango una mgeni wake. Potasiamu ina wa kwake, kalisi ina wa kwake. Boroni ikikosekana, mrija unapasuka njiani."

"Basi ina mabawabu," nikamwambia. Akacheka, akaliandika lile neno langu kwenye daftari lake. Nililiona kwa macho yangu. Sijui kama amelitaja jina langu alipochapisha.

Kazi ilikwenda hivi. Asubuhi tunatengeneza mmumunyo, yaani maji ya mvuke yenye sukari na chumvi tunazozijua kipimo. Tunapima potasiamu yake kwenye mashine ya moto, tuseme inasoma hamsini. Tunaumimina kwenye chupa kumi, tunatia chavua katika chupa tisa, tunaziweka kwenye meza inayotikisika saa mbili nzima. Kisha tunachuja, tunapima tena. Ikisoma arobaini, chavua imekunywa kumi. Chupa ya kumi haitiwi chavua. Inatikiswa pamoja na wenzake na inapimwa pamoja nao, na ikianza hamsini lazima imalize hamsini. Ikibadilika, ujue kuna kitu kingine, na kile ilichobadilika unakitoa kwenye hesabu za zile tisa. Wenyewe waliiita jina refu la Kiingereza. Mimi niliiita chupa tupu.

Na ile mashine? Inanyonya mmumunyo, inaurushia motoni kama ukungu, moto unageuka rangi, namba inatoka. Sodiamu ni njano kali kama taa za barabarani, inafunika rangi nyingine zote. Potasiamu ni zambarau hafifu, ya aibu aibu. Profesa alinipa kipande cha kioo cha buluu, akasema kinameza njano na kuacha zambarau ipite. Nikakiweka mfuko wa shati na sikuacha kutembea nacho. Wengine walisoma namba tu. Mimi nilisoma moto, kisha namba inakuja kunikubalia.

Sasa aingie Kabongo. Alikuwa mfagiaji, Mkongo wa Lubumbashi, makamo yangu, mwembamba, mpole mno. Kampuni ya usafi ilimleta kila siku saa sita mchana mpaka saa nane. Tulisalimiana, Kiswahili chake kimepinda kwa huku na changu kwa kule. Siku moja amesimama na ufagio anatazama meza ikitikisika.

"Papa," akaniambia, "ile moja haina unga ya maua. Njo *témoin*?"

"Njo nini?"

"*Témoin*. Shahidi. Kwetu ku masomo tuliita vile. Ile haifanye kitu, inaangalia benzake tu. Kisha unatosha yake, unajua ukweli."

Kwao njo ni ndiyo, na kutosha ni kutoa. Jina lile lilinipendeza, nikaanza kulitumia siku ile ile, chupa ya shahidi. Lakini usiku sikulala vizuri. Mfagiaji anajuaje mambo haya? Mtu anayejua kazi ya chupa kumi, kwa nini ashike ufagio? Na mbona anacheka kidogo kidogo anaponiona nikiandika? Nikamwekea alama.

Haukupita muda mrefu, shahidi akaanza kudanganya.

Ijumaa moja chupa ya shahidi ilianza hamsini ikamaliza hamsini na nane. Profesa akasema tumekosea kupima. Ijumaa ya pili, sitini na tatu, na zile zenye chavua zikasoma juu kuliko zilivyoanza, kana kwamba chavua haikunywa bali imetapika. Jumatatu iliyofuata uchafu kidogo. Jumanne safi, Jumatano safi, Alhamisi safi. Ijumaa tena uchafu. Miezi miwili hivyo. Profesa akawa anakuja bila tai. Alibadilisha chumvi zote, alibadilisha chavua, akabadilisha mpaka mtambo wa mvuke.

Mimi hesabu nilishaimaliza. Ijumaa ina nini ambacho siku nyingine hazina? Ijumaa mimi sipo. Saa sita na nusu natoka kwenda msikitini, narudi saa nane kasoro robo, na ndani ya muda huo chumba cha moto kinabaki na mtu mmoja tu. Mwenye ufagio.

Nikamtega. Nilichora mstari mwembamba kwenye kila chupa ya chumvi pale ilipofikia. Nilihesabu vizibo. Ijumaa moja nikafunga uzi mweupe kutoka mguu wa meza hadi mguu wa kabati, kimo cha kifundo. Kurudi msikitini, uzi umekatika. Wallahi niliuokota nikautia mfukoni kwa furaha. Na jioni ile shahidi alisoma sitini na moja.

Nikaenda kwa Msimamizi wa Mafundi, nikafunga mlango.

"Una ushahidi gani, bab?"

"Uzi."

"Mtu anayefagia atakata uzi. Ningeshangaa asingeukata."

"Anajua mambo yasiyokuwa ya ufagio. Aliniambia mwenyewe. Na namba zinaharibika saa yuko peke yake. Mama, mimi nina miaka mitatu hapa, nimewahi kukuletea maneno ya bure?"

Hakupenda. Lakini Profesa alikuwa anakaribia kupoteza kazi ya mwaka mzima, na mimi nilikuwa yule mtu wa vioo vinavyong'aa. Akapiga simu kampuni ya usafi. Wao hawakuuliza mara mbili, wakamwambia Kabongo akae nyumbani bila malipo mpaka mambo yaangaliwe.

Nilimkuta ukumbini siku anayoondoka, ameshika glavu zake za mpira mkononi.

"Papa, banasema mie naweka dawa mu machupa yenu. Ni weye ulisema?"

"Nimesema nilichokiona."

"Uliniona?"

"Niliona uzi."

Akaziweka glavu zake juu ya kiti, akazinyoosha vidole kimoja kimoja. "Basi, huo uzi ukufagilie," akasema, akaenda zake.

Ijumaa iliyofuata Kabongo hayupo. Nilikwenda msikitini kifua mbele. Nilirudi nikawasha moto nikiwa nimeshapanga maneno ya kumwambia Profesa. Shahidi akasoma sitini na mbili.

Mnadhani nilisema nimekosea? Nilisema ana ufunguo wa kuchonga. Nikaomba kitasa kibadilishwe, kikabadilishwa. Ijumaa ya pili, hamsini na tisa. Nikaanza kumwangalia Msimamizi mwenyewe, maana yeye ndiye mwenye funguo zote, na alimtetea mno yule. Nikaacha hata kunywa chai yake. Nikamfikiria Profesa: mbona baiskeli yake iko mlangoni mapema Ijumaa? Nilikuwa nakula nyumbani bila kusema na mtu. Mke wangu Mwanakheri akaniuliza, "Sasa na mimi umenitilia shaka, au bado hujafika kwangu?"

Nilikuwa bado sijafika kwake. Nilifika Alhamisi ya wiki ya tatu, kabla ya magharibi.

Lazima mjue kwetu Alhamisi jioni nguo za Ijumaa zinafukizwa udi. Kanzu yangu, na koti langu jeupe la kazini, na vile vitambaa vyangu viwili, maana kila Alhamisi nilivileta nyumbani vifuliwe. Sikuwaamini wafuaji wa chuo. Mwanakheri anavipiga pasi, anavitandaza juu ya kikapu kilichopinduliwa, chetezo kiko ndani chini yake, moshi unapanda unaingia katika pamba. Zamani alikuwa na chetezo cha umeme. Miezi michache nyuma kiliungua, akaanza kununua makaa ya dukani, vidonge vyeusi vya mviringo kama vifungo vikubwa vya koti, unakigusa kwa kiberiti tu kinashika, cheche zinakimbia juu yake kutoka ukingo mmoja hadi wa pili.

Nilikuwa nimekaa pale jikoni natazama bila kutazama. Akagusa kidonge kwa kiberiti. Cheche zikaanza kukimbia, na ukingoni mwake nikaona kitu. Hafifu, cha aibu aibu.

Nikatia mkono mfukoni, nikatoa kioo changu cha buluu, nikakiweka jichoni, nikapiga magoti mbele ya chetezo.

"Haya," akasema Mwanakheri, "leo kazi imempanda kichwani."

Zambarau. Zambarau safi inakimbia juu ya kaa kama inavyokimbia kwenye mashine ya Profesa.

"Vidonge hivi nani kakuuzia?" nikamuuliza.

"Duka la kona. Kwani nani atakuwa kaniuzia, jasusi?"

"Rukia!" Binti yetu, amezaliwa hapa, Kiswahili anakisikia chote na kukijibu kwa Kiingereza. "Nisomee huu mkebe umeandikwa nini."

"Dad, it's just charcoal."

"Soma."

Akasoma kwa uvivu. "Charcoal powder, gum... potassium nitrate. So it lights quick. Kwani what's wrong?"

Potassium nitrate. Chumvi ya potasiamu, ile ile. Ilikuwa kwenye rafu yangu ya kazini, chupa ya tatu kutoka kushoto, nimeichorea mstari kwa mkono wangu nikingoja mwizi. Na mwizi nilikuwa namleta mimi mwenyewe kila Ijumaa asubuhi, amepigwa pasi, ananukia. Majivu mepesi na moshi katika pamba, pamba ndani ya chupa, mara moja kila chupa, kwa bidii yangu yote. Ijumaa kitambaa kibichi cha udi, Jumatatu kimepungua, Jumanne kimekwisha.

"Nani alikuambia ufukize vitambaa vya kazini?" nikamwuliza Mwanakheri.

"Wewe. Ulisema vinanuka asidi."

Ijumaa asubuhi sikufuta chupa zote. Nilimngoja Profesa, nikamwomba achukue chupa mbili kutoka vigingini, tuzitie mmumunyo ule ule. Moja ilijikaukia yenyewe. Nyingine niliifuta mbele ya macho yake kwa kitambaa changu. Msimamizi akasimama mlangoni amekunja mikono. Nikawasha moto. Ya kwanza hamsini. Ya pili sitini na nne. Nikawaeleza yote, udi, kikapu, vidonge, na ile siri ya kung'arisha vioo niliyoificha miaka mitatu.

Profesa alikinusa kitambaa. Kisha akacheka mpaka akakaa chini. "Umefanya jaribio zuri kuliko yangu yote ya mwaka huu," akasema.

Nikaanza kucheka naye. Akanyamaza kwanza yeye.

"Na yule bwana wa ufagio?"

Msimamizi alishageuka kwenda kupiga simu.

Kabongo alirudi Jumatatu. Kampuni ya usafi haikumlipa zile wiki tatu. Walisema hakufagia, atalipwa kwa kazi gani? Saa sita alisimama kizingitini pa chumba cha moto, hakuvuka. Akaegemeza ufagio ukutani, akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu, kama mtu anayekaguliwa mpakani.

"Papa, naomba ruhusa ya kuingia. Angalia mikono. Uniangalie mpaka nimalize."

"Ingia, Kabongo, hakuna haja."

"Hapana. Uniangalie."

Nikamwangalia. Akafagia, akatoka. Kesho yake hivyo hivyo. Keshokutwa hivyo hivyo. Na Ijumaa, kwa sababu mimi sipo wa kumwangalia, hakuingia kabisa. Vumbi la Ijumaa lilinisubiri mpaka Jumatatu, na Msimamizi aliliona akaliacha. Miaka minne. Sikukuu zilipita, kitasa kilichakaa, Profesa alichapisha kazi yake na shahidi hakudanganya tena hata siku moja, na kila saa sita mchana viganja viwili kizingitini. Nilijaribu mara nyingi kusema neno. Nililipanga njiani kwenye basi, nikifika linakuwa, "Haya, ingia." Mtu ambaye hajawahi kukosea hajui maneno ya kuomba radhi yako wapi.

Nikastaafu mapema kwa ajili ya goti. Walinifanyia karamu ndogo, keki ina umbo la ua la yungi. Nilimwangalia mwokaji ni nani kabla sijala, tabia haikustaafu nami. Profesa alitoa hotuba, akasimulia habari ya udi, watu wakaangua vicheko na kunipigia makofi. Nilikuwa nimezoea kuisimulia mwenyewe kwenye harusi, kama kisa cha mtu mwerevu aliyegundua kilichowashinda wasomi. Sasa niliisikia kwa mdomo wa mtu mwingine, na ndani yake mfagiaji hakuwemo. Hata mimi, nilipoisimulia, sikuwahi kumtia.

Vijana, kazi ile mashine zake siku hizi ni nyingine. Wananiambia moto hawautumii sana, namba zinatoka kwenye kompyuta. Sawa. Chavua bado inakunywa vile vile, kwa milango yake na mabawabu wake. Ninachowapa mimi ni hiki tu: mnapofanya kazi yoyote, wekeni chupa moja isiyotiwa kitu, na mtakapoisoma, muiamini, hata ikisoma kwamba uchafu ni wenu.

Jumamosi baada ya karamu nilipanda basi hadi Winson Green. Kabongo alikaa mtaa wa nyumba za safu, ukuta wa jela unaonekana mwisho wa njia. Alifungua mlango akiwa na ndara miguuni. Kwa mazoea yangu nikatazama viganja vyake. Alikuwa ameshika mwiko.

"Papa," akasema. "Hapa ni kwangu. Leo ni mie nakuangalia. Ingia."

Nikaingia, nikakaa, nikatoa bahasha kabla ya kupoteza maneno. "Hizi ni mia tatu. Kwa zile wiki. Nilikosea mimi, na nilijua kwamba nimekosea, na nimekaa nayo miaka minne."

Akaifungua. Noti za ishirini ishirini, kumi na tano. Akazipanga mezani, akavuta kalamu na nyuma ya bahasha akaanza kuandika, mkono wa mtu aliyesoma.

"Siku kumi na tano. Kila siku saa mbili. Saa moja pauni ine na nusu. Ni mia moja thelathini na tano. Hiyo njo chupa yenye unga."

"Chukua zote, ndugu yangu."

"Ngoja. Bado shahidi." Akaandika tena. "Kama ningefanya kazi, ningepanda basi. Pauni moja na senti ishirini kwenda, vile vile kurudia. Siku kumi na tano, thelathini na sita. Hizo sikutumia, nilikaa hapa. Tunatosha."

Akapiga mstari chini ya hesabu. Alichukua noti tano, akanirudishia kumi, kisha akainuka akatafuta ndani ya kopo juu ya friji, akaniwekea kiganjani sarafu moja ya pauni. Halafu akanikalisha tukala ugali.

Sarafu ile ninayo mfukoni, pamoja na kile kioo cha buluu. Mwanakheri huniuliza mpaka leo ilinigharimu kiasi gani kutomwamini mtu, nami namjibu kwa hesabu ya Kabongo, maana yake ndiyo sahihi: pauni tisini na tisa.